Ukishamwangusha, Mmalize: Mwongozo Kamili wa MMA kwa Mwanamieleka

Agosti 2025, mjini Chicago, mwanamieleka Khamzat Chimaev alimlaza chini Dricus du Plessis wa Afrika Kusini na kumweka hapo kwa zaidi ya dakika 20 kati ya 25 za pambano zima. Majaji wote watatu waliandika 50-44, yaani raundi zote tano ni za Chimaev. Mkanda wa uzito wa kati wa UFC, shirika kubwa la MMA (mchezo unaochanganya ngumi, mateke na mieleka), ukahamia kwake, na hakuna aliyebisha. Lakini sisi tuliokatiza usingizi alfajiri ya Jumapili tulibaki na swali. Miezi kumi kabla ya hapo, Oktoba 2024 kule Abu Dhabi, Chimaev huyuhuyu alimwangusha Robert Whittaker, bingwa wa zamani, akamkamata taya na kulibana mpaka Whittaker akasalimu amri kabla raundi ya kwanza haijaisha. Mwereka uleule, nguvu zilezile. Kwa nini mmoja alimalizwa na mwingine akafika mwisho?

Sehemu ya jibu ni du Plessis mwenyewe: ni mgumu na anajua kuficha shingo. Sehemu nyingine inafundishika, na hiyo ndiyo iliyonifanya nikae kuandika. Siku ile Chimaev alirusha mamia ya ngumi ndogondogo akiwa amembana mwenzake, ngumi ambazo hazikumlazimisha du Plessis kubadili chochote. Mmalizaji humpa mpinzani shida mbili kwa wakati mmoja: akiziba uso, shingo inabaki wazi, akiziba shingo, uso unabaki wazi. Hatua zote zilizo hapa chini zinarudi kwenye jambo hilo moja.

Nimeandika kwa ajili ya kijana au binti ambaye tayari ameshika mieleka, judo au sambo kwa mwaka mmoja au miwili na sasa anataka kuingia MMA, na kwa kocha anayemsimamia. Unahitaji mkeka mzuri, ukuta uliovishwa godoro wa kuigiza uzio wa ulingo, kikinga meno, glavu za mazoezi za aunsi 7 (za pambano ni aunsi 4), na wenzako wawili au watatu unaowaamini. Kabali na mbinu za kusokota shingo usizijaribu peke yenu nyumbani bila mwalimu. Shingo haina spea.

Hatua ya kwanza: kagua mazoea uliyokuja nayo

Kwenye mieleka, mabega mawili ya mwenzako yakigusa mkeka, kazi imekwisha. Kwenye MMA ndiyo kwanza inaanza. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, ila imewagharimu watu wakubwa sana.

Dan Severn alikuwa mwanamieleka wa hali ya juu kutoka Chuo Kikuu cha Arizona State. Desemba 1994, kwenye UFC 4, alimlaza Royce Gracie, mtu mwembamba aliyezidiwa uzito kwa mbali, na kumkalia kwa takriban dakika 16. Alikuwa juu muda wote. Kisha Gracie, akiwa chali, akainua miguu, akaifunga shingoni mwa Severn pamoja na mkono mmoja, na Severn akagonga mkeka kusalimu amri. Alijua kumweka mtu chini, hakujua la kumfanya akiwa huko.

Kwa hiyo anza kwa kumwomba kocha akutazame ukicheza raundi mbili na mtu wa jujitsu, na aandike makosa matatu haya kila yanapotokea.

La kwanza ni kichwa. Unapovamia miguu huku kichwa kimeinama na shingo imenyooka mbele, unamkabidhi mwenzako kabali ya mbele bure. Macho yatazame juu, paji la uso ligande mbavuni au kifuani mwake, na shingo iwe fupi kama ya kobe.

La pili ni tumbo. Mwanamieleka akiangushwa hugeuka haraka alalie tumbo, kwa sababu maisha yake yote amefundishwa kuogopa kulala chali. Kwenye MMA kulalia tumbo ni kumpa mtu mgongo, na mgongo ni kabali. Zoezi lake: mwenzako akuangushe mara 20, na kila mara uinuke kwa kukaa, kuegemea mkono mmoja na kuvuta mguu nyuma, bila kumpa mgongo hata mara moja. Utachukia zoezi hili kwa wiki mbili za mwanzo.

La tatu ni haraka. Pambano la mieleka ya vyuo vya Marekani ni dakika 7, mieleka huru ya kimataifa ni dakika 6. MMA ni dakika 15, na pambano la ubingwa dakika 25. Mark Coleman, bingwa wa vyuo wa mwaka 1988 na mtu aliyewafundisha wote maana ya kumpiga mtu ngumi akiwa chini, alikuwa bingwa wa kwanza wa UFC wa uzito wa juu mwanzoni mwa 1997. Julai mwaka huohuo alikutana na Maurice Smith, mpiga mateke aliyejua kusubiri. Coleman alimwangusha, akapiga kwa nguvu zake zote, pumzi ikakata, na muda uliobaki akawa ni mtu wa kupigwa. Majaji wakampa Smith mkanda.

Hatua ya pili: ingia kwa ngumi

Julai 2019 Ben Askren, aliyeshiriki Olimpiki ya 2008, alitoka kwenye kona yake dhidi ya Jorge Masvidal huku kila mtu ukumbini akijua atakachofanya. Aliinama kuvamia miguu. Masvidal alikuwa tayari hewani, goti likamkuta usoni, na pambano likaisha kwa sekunde 5. Hakuna pambano la UFC lililowahi kumalizwa kwa pigo haraka kuliko hilo.

Uvamizi usiotanguliwa na kitu ni tangazo. Mpangilio ninaoufundisha ni mwepesi: jabu, jabu, shuka. Yaani ngumi mbili za mkono wa mbele, ya pili ikilenga macho hata kama haigusi, na wakati mikono yake inapanda kujikinga wewe unakunja magoti na kuingia. Usiiname kiunoni, kunja magoti. Fanya marudio 50 kwa siku bila kumwangusha mtu, ukiishia tu kifua chako kikigusa nyonga zake. Ukizoea, geuza mchezo: jabu, shuka kidogo kama unavamia, kisha panda na ngumi nzito ya mkono wa nyuma.

Hapo ndipo mwanamieleka anakuwa hatari kuliko mabondia wengi, na ni Mwafrika aliyeonyesha vizuri zaidi. Kamaru Usman, mzaliwa wa Auchi, Nigeria, na bingwa wa daraja la pili la vyuo vya Marekani mwaka 2010, alichukua mkanda wa UFC Machi 2019 akawa bingwa wa kwanza wa UFC aliyezaliwa Afrika. Watu walimwita mbanaji. Julai 2020 alimbana Masvidal kwenye uzio kwa raundi tano, na ushindi ulikuwa wa pointi. Walipokutana tena Aprili 2021, Masvidal alikuwa bado anaukumbuka ule mwereka. Raundi ya pili, ngumi moja ya kulia ikapita katikati ya mikono yake na akalala kabla hajafika chini. Miezi miwili nyuma, jabu ya Usman ilikuwa imemwangusha Gilbert Burns, na ngumi za chini zikamaliza kazi. Hofu ya kuangushwa hushusha mikono ya mpinzani, nawe ukijua kupiga hapo, utapata wakati mwingine ushindi usiohitaji kumgusa miguu.

Daniel Cormier alifanya jambo la jirani na hilo Julai 2018 dhidi ya Stipe Miocic. Walikuwa wamekumbatiana, mikono ikigombania makwapa kama kwenye mieleka yoyote. Walipoachana, Miocic alishusha mikono kwa nusu sekunde, na ngumi ya kulia ya Cormier ikawa imeshafika. Kwa hiyo weka kwenye mazoezi yako: kila mkiachana kutoka kwenye kumbatio, wewe uwe wa mwisho kugusa.

Hatua ya tatu: chagua pa kumwangushia

Ukimwangusha katikati ya ulingo, ana nafasi ya kuchezesha nyonga pande zote na kukurudisha ndani ya miguu yake. Ukimwangushia kwenye uzio, upande mmoja wa dunia yake umefungwa. Watu wa Dagestan, jimbo la Urusi, wamejenga ubingwa juu ya jambo hili.

Mmoja wao, Khabib Nurmagomedov, alistaafu Oktoba 2020 akiwa ameshinda mapambano 29 bila kupoteza hata moja, 19 kati ya hayo akiyamaliza kabla ya majaji kuitwa. Ukitazama mapambano yake taratibu utaona kwamba mwereka wenyewe si wa ajabu. Wa ajabu ni kinachofuata. Nakupa mpangilio wake jinsi tunavyoufanya ukutani:

Msukume mpaka mgongo wake uguse uzio. Kichwa chako kiwe chini ya kidevu chake, kikimwinua. Shuka, unganisha mikono nyuma ya magoti yake, vuta miguu kuelekea kwako huku bega likisukuma. Atakaa chini, mgongo ukiwa bado ukutani. Hapa wengi husimama kupumua, na mpinzani huinuka. Usipumzike. Haraka pitisha miguu yako ukafunge miguu yake yote miwili, kama mtu anayekalia mzigo wa kuni, ili asiweze kuvuta goti.

Sasa atafanya kitu kimoja tu: ataweka mkono chini aegemee ili ainuke. Mkono huo ndio nguzo ya nyumba yake. Uvute. Ushike kifundo cha mkono, uburute nyuma ya mgongo wake, na uukabidhi kwa mkono wako mwingine uliomzunguka. Mashabiki huiita pingu ya Dagestan. Sasa ana mkono mmoja, wewe una mmoja ulio huru, na miguu yake imefungwa. Piga.

Rudieni mfululizo huu mara 10 kila upande, polepole, mwenzako akikupa nusu ya upinzani. Wiki ya tatu mpe ruhusa ya kuinuka kweli. Akifanikiwa zaidi ya mara tatu kati ya kumi, kosa karibu siku zote liko miguuni, yaani hukumfunga kabla ya kuanza kugombania mikono.

Hatua ya nne: kiuno kabla ya ngumi

Hii ni fupi. Usirushe ngumi yoyote nzito kama nyonga zake ziko huru. Ukiinuka kupiga huku nyonga zake zinacheza, unampa nafasi ya kuweka miguu kati yenu. Goti lako moja lizuie nyonga, uzito wa kifua uwe juu ya mbavu, kisha ndiyo ufungue mkono. Kijana mmoja ninayefanya naye mazoezi alipoteza miezi mingi kwa kupuuza hili. Alikuwa akipata nafasi nzuri kuliko wote na akiipoteza mwenyewe kwa uchu wa kupiga.

Hatua ya tano: ngumi ifungue shingo, shingo ifungue ngumi

Hapa ndipo penye uzito wa mwongozo wote, kwa hiyo soma taratibu.

Mtu aliye chini akipigwa ngumi ya kweli hana majibu mengi. Ukiyajua, unakuwa umemtangulia hatua moja.

Jibu la kwanza: anaziba uso kwa mikono yote miwili na viwiko vinapanda. Hapo mkono wake mmoja umeacha mbavu na kukaribia shingo yake mwenyewe. Usukume mkono huo kwa kichwa chako uvuke uso wake, pitisha mkono wako chini ya shingo yake, unganisha viganja kwa viganja, bila kupishanisha vidole. Kichwa chako kigande sikioni mwake upande wa mkono uliokamatwa. Kisha shuka kutoka juu ya tumbo lake uende upande huohuo, nyonga zako ziguse mkeka, na ushushe bega shingoni. Nguvu inatoka kwenye uzito na bega, si kwenye misuli ya mkono. Hii ni kabali ya bega, na kwa mtu wa mieleka ndiyo ya kujifunza kwanza, kwa sababu hata ikishindikana bado uko juu.

Wengi wetu tulimjua Brock Lesnar kwenye ile mieleka ya televisheni ya maigizo. Kabla ya hapo alikuwa bingwa halisi wa vyuo wa mwaka 2000. Julai 2010 alikutana na Shane Carwin, raundi ya kwanza akapigwa mpaka tukadhani mwamuzi atasimamisha. Raundi ya pili Carwin hakuwa na pumzi. Lesnar alimwangusha, akapanda, akamfunga kabali ya bega, pambano likaisha. Miaka 12 baadaye, Oktoba 2022, Islam Makhachev, Mdagestan mwenzake Khabib, alimtikisa Charles Oliveira kwa ngumi ya kulia, akamfuata chini na kummaliza kwa kabali hiyohiyo raundi ya pili. Oliveira ndiye mwenye ushindi mwingi wa kabali na kukunja viungo kuliko mtu yeyote katika UFC. Ngumi ilifungua, shingo ikafunga.

Jibu la pili: anageuka akupe mgongo ili ngumi zisimfike. Mpokee. Weka visigino vyako ndani ya mapaja yake, kifua kigande mgongoni, usiache hewa ipite. Mkono wa kabali upite chini ya kidevu mpaka kiwiko kilingane na kidevu chake, kiganja kishike msuli wa mkono wako wa pili, na huo wa pili ujifiche nyuma ya kichwa chake. Bana kwa kujaza kifua pumzi huku viwiko vikikaribiana. Kidevu kikiwa kimefichwa, usigombane nacho: rudi kwenye ngumi, mbili tatu za pembeni mwa kichwa, mkono wake utapanda na kidevu kitainuka. Cormier aliangushwa na ngumi ya Anthony Johnson mwanzoni kabisa mwa pambano lao la Mei 2015. Akainuka, akamchosha kwa mieleka, akampiga chini, na raundi ya tatu Johnson alipotoa mgongo ikawa kabali. Aprili 2017 wakarudiana na mwisho ukawa uleule, raundi moja mapema.

Jibu la tatu: anapiga magoti ili asimame. Kichwa chake sasa kiko chini ya kifua chako. Mwanamieleka anaijua nafasi hii tangu siku ya kwanza ya mazoezi, ila amezoea kuzunguka apate mgongo tu. Kabla ya kuzunguka, jaribu kabali ya D'Arce: mkono wako uingie chini ya kwapa lake, uvuke mbele ya shingo na kutokea upande wa pili, ushike msuli wa mkono wako mwingine, kisha kifua kikandamize nyuma ya kichwa chake. Makhachev amewamaliza hivyo Dustin Poirier Juni 2024, raundi ya tano ya pambano gumu, na Renato Moicano Januari 2025 katika raundi ya kwanza. Wenye mikono mifupi watapata shida nayo. Kwao kabali ya mbele ya kawaida inatosha.

Jibu la nne: anakusukuma kwa mikono iliyonyooka. Watu wa jujitsu watakwambia uchukue mkono huo na kuukunja. Ushauri wangu ni tofauti kwa miaka miwili ya mwanzo. Kuukunja mkono kunakutoa juu, na ukikosa umelala chali wewe. Sukuma mikono yake pembeni, endelea kupiga.

Zoezi la kuunganisha yote: mwenzako alale, wewe umkalie, upige ngumi nyepesi za kugusa. Kocha anaita namba moja hadi nne, mwenzako anatoa jibu hilo, nawe una sekunde 3 za kuingia. Baada ya wiki mbili kocha aache kuita na mwenzako achague mwenyewe. Siku utakapoona mwili wako umeenda shingoni kabla hujafikiri, umeanza kuwa mmalizaji.

Hatua ya sita: ngumi za chini na mwamuzi

Mwamuzi husimamisha pambano anapoona mtu hajikingi tena kwa akili yake. Kwa hiyo ngumi moja kubwa yenye kelele, kisha ukimya wa sekunde nne, humpa mpinzani nafasi ya kuonyesha kwamba yuko hai. Ngumi kumi za wastani zisizokatika humwonyesha mwamuzi kwamba hakuna majibu. Tazama Cain Velasquez alivyommaliza Lesnar Oktoba 2010, raundi ya kwanza: hakuwa na pupa hata kidogo, ila hakuacha mwanya.

Jua pia sheria za ulingo wako. Kwenye kanuni za pamoja zinazotumika UFC, huruhusiwi kupiga kisogo wala uti wa mgongo, wala goti kichwani kwa mtu aliye chini. Kiwiko cha kushuka wima kama nyundo kilikatazwa kwa miaka mingi, kikaruhusiwa Novemba 2024. Coleman alishinda mashindano makubwa ya Pride nchini Japani mwaka 2000 kwa magoti kichwani mwa Igor Vovchanchyn aliyekuwa chini. Kule ilikuwa halali, ukifanya leo UFC utaondolewa. Mashindano madogo ya wanaoanza mara nyingi hukataza viwiko kabisa. Uliza kwenye kikao cha kanuni, usidhani.

Nafasi moja zaidi ya kujifunza: msalaba. Ukiwa pembeni, mkono wake wa karibu ubanwe kwa miguu yako, wa mbali kwa mkono wako, uso ubaki peke yake. Januari 2018 Volkan Oezdemir alijikuta hapo chini ya Cormier raundi ya pili, na mwamuzi hakuwa na la kufanya ila kusimamisha.

Hatua ya saba: pumzi na uzito

Kubana muda mrefu huua mikono yako kuliko ya mpinzani. Jiwekee kanuni ya sekunde 10: kabali isipomaliza ndani ya hesabu hiyo, rekebisha mshiko au rudi kwenye ngumi. Na jiwekee nyingine ya sekunde 20: usikae nafasi moja zaidi ya hapo bila kumtishia kitu kipya. Kocha ahesabu kwa sauti. Ndiyo dawa ya ugonjwa wa kumbana mtu tu mpaka mwamuzi awasimamishe.

Kwa wiki 8 za kwanza, siku tatu kwa wiki zinatosha kwa anayefanya kazi au kusoma. Jumatatu ngumi na uvamizi, raundi 5 za dakika 5. Jumatano ukutani, kuanzia kusukuma hadi pingu. Ijumaa yale majibu manne, kisha sparingi (pambano la mazoezi) nyepesi, ngumi zikiwa za kugusa tu. Wiki ya 5 ongeza raundi zinazoanza ukiwa umechoka: mbio fupi 6 za sekunde 30, kisha moja kwa moja mkekani. Ngumi nzito za kichwa mazoezini ziwe chache sana. Ubongo hauna misuli ya kukomazwa.

Kuhusu kupunguza uzito, nasema kwa moyo wote. Wanamieleka wamelelewa katika utamaduni wa kujikausha maji. Cormier, aliyeshika nafasi ya nne Olimpiki ya 2004, alikwenda Beijing 2008 akiwa nahodha wa timu ya Marekani na hakupanda mkekani: figo zilishindwa kufanya kazi baada ya kukata uzito. Alikuja kuwa bingwa wa UFC wa madaraja mawili, la pili likiwa uzito wa juu ambako hakuhitaji kujikausha. Chagua daraja unaloweza kulifikia kwa chakula na mazoezi, si kwa joto na kiu.

Hatua ya nane: siku yenyewe

Raundi ya kwanza, tafuta mwereka mmoja kwenye uzio na ujue anavyojibu ngumi za chini. Mwambie kocha wako ukirudi kwenye kona: "anageuka", "anaziba", "anasukuma". Neno moja linatosha. Raundi ya pili nenda moja kwa moja kwenye jibu lake. Ukikosa kabali, nafasi ni yako bado. Usiiache kwa hasira.

Na jifunze kuachia. Mazoezini, mwenzako akigonga mara mbili, kwa mkono, kwa mguu au akisema tu, mikono ifunguke papo hapo, hata kama unadhani amewahi mno. Ulingoni unaachia mwamuzi anapokugusa. Oktoba 2020, pambano la mwisho la Khabib, Justin Gaethje aligonga akiwa ndani ya kabali ya miguu, mwamuzi akachelewa kidogo kuona, na Gaethje akapoteza fahamu. Kabali ya damu, ile inayozuia damu kufika kichwani, huzima mtu ndani ya sekunde chache. Likitokea hilo kwenye mkeka wenu, mfungueni, mlazeni chali, inueni miguu yake kidogo, hakikisheni anapumua. Kwa kawaida ataamka ndani ya sekunde kadhaa akiwa haelewi kilichotokea. Mazoezi yake ya siku hiyo yamekwisha. Asipoamka haraka, au akiamka na shingo inauma, ganzi mkononi au maneno hayaeleweki, msisubiri, mpelekeni hospitali.